Posa ya Mtu wa Namba

Kijana aliyekuja kumchumbia binti yangu alisema kazi yake huko chuoni ni namba. Nikajua huyu ni mtu wa kubeti. Mpwa wangu aliuza shamba la Marachi kwa sababu ya kubeti, na yeye pia alianza hivyo hivyo, kuongea namba tu. Sikutaka binti yangu alale njaa kwa ajili ya mechi za Wazungu.

Mimi shule niliachia darasa la tatu. Mayai ndiyo yamenifikisha hapa, nikiyavusha kwa baiskeli kutoka upande wa Uganda, na leo nina duka langu Busia. Kwa hivyo kijana alipotazama trei za mayai thelathini thelathini zilizojaa sebuleni akasema, "Mzee, hii thelathini yako ni namba ya maana," nilimkazia macho. Mayai yangu yanamhusu nini?

Akaeleza kwamba kuna namba hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe, kama mbili, tatu, tano. Zinaitwa tasa. Tasa, mbele ya mama wa msichana, siku ya posa! Bibi yangu akaangalia dari. Kijana akasema yeye anatafuta namba zinazotoka kwa tasa tatu tofauti zikizidishwa. Thelathini ndiyo ya kwanza, halafu arobaini na mbili, halafu sitini na sita.

Nikauliza, na trei mbili je, sitini? Akasema sitini haiingii, mbili imejirudia ndani yake.

"Trei moja inapita, mbili zinazuiwa," nikamwambia. "Hiyo ni forodha ya wapi?"

Binti akacheka. Mimi sikucheka. Wale wa kubeti waliomla mpwa wangu walijua mambo yote ya kesho, na walijibu haraka. Nikamtega: baada ya elfu tisa, inayofuata ni gani?

"Sijui, mzee. Mpaka nizipasue moja moja."

Akapasua kwa kalamu mpaka chai yake ikashika utando. Elfu tisa na moja ilimsumbua. Kila akiigawa inakataa. Binti akamnong'oneza, nami nikasikia: "Sema yoyote tu, baba hatajua."

"Hapana," kijana akasema, akaendelea.

Mwishowe akatoa elfu tisa na mbili: mbili, mara saba, mara mia sita arobaini na tatu. Nikachukua simu nikapiga hesabu mwenyewe. Ilikuwa sawa.

Nikamwambia alete wazee wake. Lakini waje na mjomba wake, yule anayesema ndiye aliyemlea, nimweke kando kwanza nimuulize kama huyu hajawahi kubeti.