Sahani Moja ya Biskuti za Ufuta

Wateja walimwita Fundi, na wengi walishasahau kwamba ana jina. Alitengeneza vyerehani katika chumba kimoja kinachotazama barabara. Meza yake ilijaa mikebe: wa sindano, wa skrubu, wa mikanda, na mmoja wa vitu ambavyo havijajulikana ni vya nini. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimletea cherehani kinachokata uzi hakuulizi umekiangusha wapi. Hukifungua, hukitazama, halafu hukueleza mwenyewe ulivyokiangusha.

Wiki ile alikuwa na kazi asiyoizoea. Binti yake wa mwisho, Kidoti, alikuwa anatimiza miaka saba, na alitaka sherehe yenye keki, na kwenye sherehe hiyo aliwataka pacha wawili wa darasani kwake. Alilisema hilo huku amenuna, maana wenzake walishamwambia kwamba pacha mmoja hali vitu vya watu.

Kwa hiyo Mama Pacha alipokuja kuchukua cherehani chake, Fundi alimsogezea kigoda.

"Niambie mwanao hali nini, nisije nikaharibu."

"Ufuta tu, dada. Lakini huo ufuta una visa. Uko kwenye mikate, uko kwenye biskuti, wengine wanapikia mafuta yake wala hawakwambii."

"Akila je?"

Mama Pacha akagusa mdomo wake. "Kwanza hapa panamuwasha. Midomo inavimba, mwili mzima vipele. Halafu koo linaziba, anatafuta hewa hivi, haipati. Mara ya kwanza nilidhani kapaliwa. Daktari akasema ni mzio, na tungechelewa kidogo tungemzika. Sasa sindano yake haitoki kwenye mkoba wangu."

Fundi alikuwa ameshika bisibisi. Haikusogea.

"Na mwenzake?"

"Huyo mpe debe la ufuta, atakurudishia debe tupu. Na siku ile walikula sahani moja, biskuti zile zile. Watu wakaniuliza nani kamlisha mtoto sumu. Nikawaambia, sumu gani hiyo inayochagua pacha?" Akacheka, kisha akaacha. "Dada, vipi? Mbona hivyo?"

"Sahani moja," alisema Fundi.

"Sahani moja."

Fundi aliwahi kuwa na mdogo wake wa kiume. Alikufa akiwa na miaka minne, sebuleni kwa shangazi yao, siku ambayo shangazi aliwaokea watoto wa ukoo biskuti za ufuta. Walikula wote. Mmoja tu ndiye aliyevimba midomo, akatokwa vipele, akatafuta hewa asiipate. Fundi alikuwa pale, mdogo kama Kidoti wa leo, na biskuti yake mkononi. Watu wazima walikaa wakalipima jambo hilo wakaona limejieleza lenyewe. Kama chakula kilikuwa kibaya, wangeugua wote. Kaugua mmoja, basi chake kilitiwa kitu. Na aliyegawa ni mwanamke asiye na mtoto, anayemwonea wifi yake kijicho.

Hakuna aliyempeleka polisi. Waliacha tu kula kwake. Baba alikufa bila kukanyaga tena kwa dada yake. Sufuria ambazo shangazi alileta kwenye harusi ya Fundi zilirudishwa zikiwa bado na kamba. Hadi leo Fundi akikutana naye njiani husema shikamoo bila kusimama, naye huitikia marahaba bila kutazama.

Na kile walichomhukumia, kwamba kaugua mmoja tu, ndicho kilichokuwa kinamsafisha. Fundi alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona, akaenda nyumbani.

Mama yake alikuwa jikoni anachambua mchele wa sherehe.

"Mama, mdogo wangu aliwahi kuvimba? Kabla ya siku ile?"

"Maswali gani hayo leo?"

"Aliwahi?"

Mama alitupa jiwe dogo nje ya sinia. "Mdomo aliwahi. Tulinunua mkate, ule wenye mbegu juu. Nikajua mdudu kamuuma. Nikampaka mafuta, kesho yake akapoa."

Fundi alikaa chini, akamweleza yote ya Mama Pacha, taratibu, kama anavyomweleza mteja kilichokatika. Vidole vya mama vilibaki ndani ya mchele.

"Usinitanie."

"Sikutanii, mama."

"Mimi ndiye niliyemwambia baba yako achague, mimi au dada yake."

"Najua."

Mama alisukuma sinia pembeni, mchele ukamwagika sakafuni, wala hakuutazama. "Nitafutie viatu," alisema.

Shangazi aliishi chumba cha uani, akiwapigia watu pasi. Alipowaona mlangoni hakuliacha shati alilokuwa akinyoosha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi mmepotea njia."

Fundi akasimulia. Njia nzima alikuwa amebeba habari ile kama zawadi, akingoja kuona shangazi atalia au atawatukana, na lolote kati ya hayo alikuwa tayari kulipokea. Shangazi alimaliza mkono wa shati, akaisimamisha pasi.

"Kwa hiyo zilikuwa biskuti zangu."

"Shangazi, hukuwa na kosa lolote."

"Nimekuuliza. Zilikuwa biskuti?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu," alisema shangazi, na sauti yake haikupanda. "Mlisema mliyosema, nikaja humu nikafunga mlango, na usingizi niliupata, kwa sababu nilijua mkono wangu haukumuua. Leo mnakuja kuniambia ni huu." Aliutazama ukiwa juu ya meza. "Aliniomba ya pili. Nikampa."

Fundi alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Katika mambo yote aliyoyafikiria njiani, hilo halikumpitia kichwani hata mara moja.

"Wifi," alisema mama kutoka mlangoni. Ndani ya familia neno hilo lilikuwa limekufa pamoja na mtoto. "Mdomo ulivimba kwangu kwanza. Niliona kwa macho yangu, nikasema mdudu, nikanyamaza. Ungejua, usingempa. Aliyeona ni mimi."

Shangazi akakaa kwenye kitanda.

"Huyo pacha anakuja lini?" aliuliza hatimaye.

"Jumamosi," alisema Fundi.

"Nani anapika?"

"Mimi."

"Wewe unajua vyerehani. Mkate unanunua wapi?"

"Sinunui mkate. Wali, kuku, matunda, na keki nitaoka mwenyewe."

"Mafuta umesoma chupa yake?"

"Nimesoma."

"Bati la keki?"

"Nimeazima kwa jirani, yule anayeuza mikate..." Ile mikate ina mbegu juu. Bati lenyewe lilikuwa kabatini kwake tangu juzi, na pembeni mwake kuna uchafu mweusi ulioungua, alioukwangua kwa kucha akadhani ni masizi.

"Lirudishe leo," alisema shangazi. "Langu utalichukua jipya, na kamba yake. Liko ndani ya zile sufuria zenu."

Akainuka, akachomoa waya wa pasi ukutani. "Nitakuja kupika. Lakini kugawa sigawi. Mtoto wa mtu simpi kitu kwa mkono wangu."

"Watoto atawagawia huyu," alisema mama. "Changu utanipa wewe."