Bomba la Juu la Baiskeli ya Baba

Watu wa Geita waligawa baiskeli zote za dunia katika mafungu mawili, nzito na mbovu. Mimi niliona mafungu matatu, kwa sababu nilikuwa nimezifungua. Za Kihindi zilikuwa na fremu ngumu, lakini spoku zake zilikatika kama njiti za kiberiti ukipakia mtu mwenye mwili. Za Kichina zilikuwa na spoku za uvumilivu, ila breki zake za vyuma zilisubiri ufike bondeni ndipo zianze kushika. Za Kiingereza, zilizoingia kabla ya Uhuru na miaka michache baada yake, hazikuwa na kasoro isipokuwa uzito, na uzito huo ulimtoa mwanaume jasho hata akiisukuma mkononi. Nimezipanda zote na kuzipima fremu kwa futi kamba. Sijui mtu mwingine wilayani aliyefanya hivyo miaka ile, na kama alikuwepo, hakuwa na diploma.

Diploma yangu niliipata mwenyewe. Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba wa Shinyanga, na hakuna mjomba aliyenishika mkono hata siku moja. Nilipelekwa Ulaya kwa alama zangu za mitihani, nikakaa kwenye baridi miaka mitatu nikisoma ufundi mitambo. Huko ndiko nilikowaona wanafunzi wenzangu wakitoka kila Jumapili na baiskeli za matairi manene na gia nyingi, wakaingia msituni, wakapanda kilima, wakashuka, wakarudi kuoga. Hawakuwa wameenda kwa mtu wala hawakubeba kitu. Mwanzoni niliwaona wehu. Mwezi wa pili nikaazima moja, na mwezi wa nne nikawa nawasubiri mimi kileleni.

Niliporudi mwanzoni mwa miaka ya themanini, wenzangu walikuja na suti na redio kaseti. Begi langu lilikuwa na matairi mawili yenye meno, friwili ya sahani tano, mnyororo mwembamba, vishikio vya gia na waya zake. Nikapangiwa kuongoza karakana ya serikali Geita, mji wa vilima, na nikaona kwamba sasa kilichobaki ni fremu tu.

Fremu ilitoka kwa baba.

Baiskeli ya baba ilikuwa ya Kiingereza, nyeusi, aliyoinunua kwa pamba ya mwaka mmoja mzuri nilipokuwa bado nanyonya. Miaka hiyo niliyorudi, goti lake la kulia lilivimba akashindwa kukanyaga pedeli. Nilipokwenda nyumbani kusalimia, akaitoa ndani, akaifuta vumbi kwa kanga ya mama, akaniambia niitumie huko vilimani. Goti likipona ataifuata. Kwetu kitu cha mzee hubaki kuwa cha mzee, hata kikilala nyumbani kwako miaka kumi. Ng'ombe aliyekuachia umkamue humuuzi. Nilijua hayo yote. Lakini nililitazama lile goti kwa macho ya mtu aliyesoma mambo ya mashine, nikaamua kwamba halitapona.

Kwa hiyo nikachukua msumeno wa chuma.

Sikufanya ovyo. Nilichora kwanza kwenye karatasi ya kuchorea, kwa vipimo. Baiskeli ya kilima haitaki bomba la juu lililonyooka, maana ukiruka jiwe ukatua vibaya, bomba hilo ndilo litakalokupokea, na hakuna mwanaume anayetaka kupokelewa hivyo mara mbili. Nililikata lile bomba la juu, nikachomelea mahali pake bomba jembamba linaloshuka kwa mshazari kuelekea chini ya kiti. Nikatoa keria, nikatoa bati la mnyororo, nikatoa kengele. Nikafunga gia. Kazi ile ilinichukua miezi mitano ya jioni na Jumapili, na nasema bila kona kwamba ilikuwa kazi safi.

Mtu pekee aliyeipinga alikuwa fundi baiskeli wa sokoni, Mzinza mmoja aliyewahi kuchimba dhahabu Bulyanhulu akatoka huko na vidole nane. Nilimpelekea fremu aninyooshee uma wa mbele, akaikataa.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Ya mzee wangu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, yuko Shinyanga."

"Basi mtaalamu, ondoa kitu chako hapa. Mimi baiskeli ya mtu aliye hai sipasui."

"Haipasuliwi, fundi. Inaboreshwa."

"Hata mbuzi akichinjwa," akasema, "mwenye kisu huwa ana maneno mazuri."

Waliokuwa wamekaa pale wakacheka sana. Nikaunyoosha uma mwenyewe karakanani.

Kuijenga ilikuwa nusu ya taabu. Nusu ya pili ilikuwa kuitunza, na hapo ndipo nilipoanza kuwachukia binadamu. Vumbi jekundu la Geita liliingia kwenye friwili kama unga kwenye kinu, nikawa nafungua na kuosha kwa mafuta ya taa kila wiki. Mnyororo mwembamba ulipokatika hapakuwa na duka hata moja lenye pingili zake. Miaka ile hata tairi ya kawaida ilitaka kibali, na kibali kilitaka umjue mtu. Nilichonga pini kwa tupa kutoka kwenye msumari, moja baada ya nyingine, mtu mwenye diploma. Halafu watu. Ukiiegesha dukani, ukirudi unakuta kila kishikio kimevutwa.

"Hii ni redio, baba?" mama mmoja aliniuliza, bado ameshika gia.

"Si redio, mama. Ni gia. Usiishike."

"Mbona haisemi?"

Na swali ambalo kila mtu aliuliza, kuanzia mwenye duka la nguo hadi mlinzi wa karakana: keria iko wapi? Niliwaeleza kwamba hii si ya kubeba mzigo, ni ya kupanda kilima. Walinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha wakauliza, ukishafika kileleni bila mzigo, umepeleka nini?

Mwaka wa pili, mwezi wa tano, ikaja barua. Baba aliamuru iandikwe, nikautambua mwandiko wa mwalimu wa kijijini. Goti limepona. Msimu wa pamba unakaribia na magunia lazima yafike kwenye chama cha ushirika. Atakuja kwa basi baada ya wiki mbili, atalala siku tatu, atarudi nyumbani kwa baiskeli yake.

Mke wangu alinisomea mara mbili, maana mara ya kwanza nilimwambia amekosea.

Nilikwenda sokoni. Yule fundi hakunicheka, na hilo lilinikera kuliko kama angenicheka. Alisema ana fremu ya Kichina ya mchimbaji mmoja aliyehama, nzima kabisa. Nihamishie vitu vya mzee kule, tuipake rangi nyeusi, nimweleze mzee ukweli akiwa ameshashiba, tumalize kwa siku moja.

"Mzee wangu si mjinga," nikamwambia. "Akiipanda ile yangu ataelewa mwenyewe. Nyenzo bora hujieleza."

"Anaifuata kwa ajili ya pamba, mtaalamu. Haji darasani."

Sikumsikiliza. Kwa wiki mbili niliisugua ile baiskeli mpaka ikang'aa, nikasawazisha gia mpaka zikapokezana bila sauti. Nilikuwa na hakika. Mtu aliyewapita Wazungu kilimani kwao hawezi kushindwa kumweleza baba yake jambo.

Baba alishuka kwenye basi na mfuko wa plastiki na fimbo ambayo hakuiegemea. Tukamwamkia, akaitikia, akaingia uani. Baiskeli nilikuwa nimeiegesha mahali ambapo angeiona kabla ya kitu kingine chochote. Aliiona. Binti yangu wa miaka minne alikuwa amemng'ang'ania mguuni, akambeba. Akaisogelea baiskeli, akashika usukani kwa mkono mmoja, akamwinua mtoto kumkalisha mbele.

Hapakuwa na pa kumkalisha. Bomba lililokuwa pale liliteremka, na mtoto akateleza kurudi kwenye kiti. Baba akamwinua tena, akamweka tena, taratibu, kama mtu anayedhani amekosea yeye. Mtoto akateleza tena. Basi akamshusha chini akampa mkono.

"Ng'wana wane," mwanangu, akaniambia kwa Kisukuma, "hii ni yangu?"

"Ni yako, baba. Nimeiboresha."

Akaenda kunawa mikono.

Kesho yake asubuhi, baada ya uji, nikamwomba tutoke nimwonyeshe. Njia inayopanda nyuma ya nyumba yetu ni kali, watu hushuka wakasukuma tangu chini. Nikapanda. Nikaweka gia ndogo kabisa, nikakanyaga bila haraka, nikafika juu nimekaa kitini, na akina mama waliokuwa wakitoka kisimani wakasimama kunitazama. Nikashuka mpaka alipo.

"Umeona, baba?"

"Nimeona. Sasa weka gunia."

Mke wangu alikuwa ameandaa gunia la michembe kwa ajili ya mama, na baba alipaswa kwenda nalo. Nikamwambia baiskeli hii haina keria. Akasema anaona. Nikalifunga gunia kwa kamba ya katani, nusu kwenye kiti, nusu kwenye bomba la mshazari, nikakanyaga nimesimama. Hatua arobaini hivi. Gunia likalala upande, likaanza kusuguana na meno ya tairi la nyuma, likatoboka, na viazi vikavu vikawa vinamwagika njiani nyuma yangu. Nilipoteremka kulishika, baiskeli ikaanguka upande mwingine. Wale akina mama walikuwa bado wapo. Mmoja akaanza kuniokotea, akitia kwenye ndoo yake, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza.

Baba alipanda mpaka nilipo. Aliniinulia baiskeli.

"Lile bomba ulilitupa?"

Sikuwa nimelitupa. Lilikuwa karakanani, tulilivalisha kwenye mpini wa spana kubwa tulipotaka kufungua nati ngumu za malori. Bomba zuri la chuma, mtu halitupi. Nilimwambia hivyo na nikamwona anapiga hesabu fulani kichwani: bomba lake, malori ya serikali, mwanawe.

"Kalilete," akasema.

Niliomba tukafanye kazi karakanani, faragha. Akakataa, akasema anataka kwa fundi. Kwa hiyo kesho yake nikabeba mtungi wa gesi na vifaa vya kuchomelea mpaka sokoni, Jumamosi, siku ya watu, nikachomelea mwenyewe, huku yule Mzinza wa vidole nane akiniambia juu kidogo, chini kidogo, hapo hapo mtaalamu, usitikisike. Baba alikaa kwenye kiboksi, akitazama cheche bila kukinga macho mpaka nikamfokea, na kumfokea baba mbele za watu ni jambo jingine nililolifanya mwaka ule. Bomba likarudi mahali pake pa zamani. La mshazari halikutolewa. Baba alisema liache, litaongeza nguvu. Fundi akaleta keria nzito ya nondo, akaifunga kwa nati nne.

Nilikuwa nimeshika spana kufungua gia. Kama anataka baiskeli ya zamani, basi achukue ya zamani. Baba akaniuliza nafanya nini.

"Natoa gia, baba. Hutazihitaji."

"Nani amekwambia?"

"Wewe mwenyewe jana hukuzitaka."

"Jana nilitaka gunia lipande. Gia sikuzisema." Akamgeukia fundi. "Hizi anazitoa kwa hasira au kwa kazi?"

"Kwa diploma, mzee," fundi akasema.

Nikaweka spana chini. Mpaka leo naamini kwamba mabomba mawili pale mbele ni ujinga wa kihandisi. Yameongeza kilo zisizo na kazi na yameharibu mstari wote niliouchora. Nilisema hivyo pale pale. Hakuna aliyebisha na hakuna aliyesikiliza.

Jumapili asubuhi aliondoka. Nilimsindikiza kama inavyopasa, yeye juu ya baiskeli na michembe yote nyuma, mimi kwa miguu. Chini ya kilima nilianza kumweleza jinsi ya kubadilisha, kwamba usikanyage kwa nguvu wakati wa kuvuta, kwamba kishikio cha kulia ndicho cha nyuma. Alivuta kabla sijamaliza sentensi. Mnyororo ukapanda kwenye sahani kubwa kwa mlio mmoja mdogo, sawasawa kabisa, na mzee wa umri ule, mwenye goti lile, akaanza kupanda amekaa, akiniacha. Ilinibidi nikimbie. Nilisukuma gunia kwa nyuma, labda hakuhitaji, sijui. Hakusema nisukume wala niache.

Kileleni alinisubiri mpaka nikapumua.

"Gia ulizifunga vizuri," akasema. "Bomba ulilikata vibaya. Hukuniuliza."

Nilikuwa na la kujibu. Nilikuwa na mengi ya kujibu, na michoro ya kuthibitisha. Nikasema ndiyo, baba.

Akaniachia salamu za kumpa mjukuu, akaweka sawa fimbo yake kwenye kamba za mzigo, akaanza kushuka upande wa pili. Nilibaki pale juu kuona kama atashika breki kwenye kona ya chini, maana nilikuwa nimemwambia mara tatu. Hakushika.