Nyundo Haigusi Chekeche la Mama Ritha

Jua la Maganzo limeshaanza kuuma shingo, na Paskazia Maduhu amezama hadi magotini kwenye dimbwi la maji mekundu. Chekeche liko mikononi. Analizungusha, analitikisa, analizungusha tena, mpaka kokoto nzito zinajikusanya chini, katikati. Kisha analipindua juu ya gunia kwa mkupuo mmoja, kama mpishi anavyopindua ugali kwenye sinia.

Zilizokuwa chini sasa ziko juu. Hapo katikati, mahali ambapo wachekechaji hupaita jicho, pana kijiwe cha ukubwa wa punje ya mahindi. Kokoto zote zimelowa, chenyewe maji yamekikimbia.

Paskazia anakiinamia. Wenzake watatu wa kikundi wanamjua: huyu mama akiinama hivyo, kuna jambo.

“Mayu, mama yangu, sogea nikigonge,” anasema Enock Bujiku, mgeni wa kikundi, aliyetoka kwenye machimbo ya dhahabu Geita miezi michache iliyopita. Nyundo tayari iko hewani. “Kikipasuka, tupa kule. Kisipopasuka, tumetoka kimaisha!”

“Yaya!” Paskazia anafoka kwa Kisukuma, na kijiwe kimeshafumbatwa kiganjani. “Hapana! Nyundo haigusi kitu kilichotoka kwenye chekeche langu. Utanigonga mimi kwanza.”

Enock anashusha mkono. Kwenye mashimo haya, mwenye chekeche ndiye anayesema hili ni jiwe na hili ni takataka, na mama huyu wa miaka arobaini na sita, ambaye wengi humwita Mama Ritha, hajawahi kuona haya kuitumia haki hiyo.

Tumtendee haki Enock. Kwenye dhahabu, nyundo ndiyo inayosema ukweli. Dhahabu halisi ukiigonga inalala, inakuwa bapa. Ile ya kudanganya macho inasagika unga. Basi wengi wanaohamia kwenye almasi huja na nyundo zao, wakiamini kwamba kitu kigumu kuliko vyote hakiwezi kupasuka.

“Ugumu wa almasi ni wa kutokwaruzika,” Paskazia anaeleza. “Hakuna jiwe lingine litakaloichora. Lakini ina mkondo ndani yake kama gogo la kuni. Ukiipiga kwenye mkondo, inachanika. Watu wanachanganya hayo mawili.”

Na anajua anachokisema, maana kilimkuta.

Mumewe, Pantaleo Maganga, alikuwa mchimba dhahabu kule Runzewe. Walipohamia Maganzo, Ritha akiwa bado mgongoni, alikuja na nyundo yake vilevile. Siku moja likatoka jiwe kubwa kuliko harage. Pantaleo akaliweka juu ya chuma, akalitwanga. Likapasuka. Wenzake wakacheka, wakavitimua vipande kwa mguu, wakaenda kula.

Paskazia, ambaye mpaka leo hajui kilichomtuma, aliokota vipande vichache akavifunga kwenye pindo la khanga. Baadaye dalali mmoja alipoviona, alijishika kichwa. “Mama, nani kafanya unyama huu?”

“Nisikudanganye, nililia mpaka sauti ikakauka,” anasema. “Ile ilikuwa nyumba yetu. Ilikuwa ng’ombe. Baba Ritha hakula, hakusema na mtu. Nilimkasirikia, halafu nikamhurumia. Nyundo ilikuwa yake, lakini ujinga ulikuwa wetu sote.”

Tangu hapo akaapa kwamba jiwe likipita mikononi mwake, litatoka zima. Anakaa msimu mzima wa kiangazi akiloa, ndoo ya maji ananunua, na ziko wiki anazorudi nyumbani na elfu kumi tu. Kiapo hakijalegea.

Leo ndio mtihani wake. Kijiwe cha ukubwa huu kikundi hakijakiona kwa muda mrefu, na Enock bado anakitolea macho.

Paskazia anapaka grisi kwenye kipande cha ubao. Anakiweka kijiwe juu pamoja na kokoto nyingine zilizolowa, anauinamisha ubao, anamwaga maji taratibu. Kokoto zinateleza moja baada ya nyingine, zinaanguka dimbwini. Kijiwe kimeng’ang’ania, maana almasi haishiki maji, hushika grisi. Anamwaga tena, na tena. Hakibanduki.

“Lahaula!” Enock anakaa chini kwenye tope bila kuchagua mahali. “Mayu, nilikuwa naivunja!”

“Ulikuwa unaivunja, ndiyo. Sasa inuka, tunakwenda mjini.”

Mjini Shinyanga, kabla ya kufika kwenye soko la madini, Paskazia anapitia kwenye karakana ndogo ya vioo. Ni ya Pantaleo. Kipande kikubwa cha lile jiwe alilolipasua hakukiuza kwa bei ya kutupa. Alikipachika kwenye mpini wa shaba, akaenda kujifunza kukata vioo. Ritha amesomeshwa na kipande hicho, na kilimwezesha kuifikia kozi ya uuguzi. Madirisha mengi ya mtaa huu yamepita chini yake.

“Sijawahi kukinoa,” anasema Pantaleo, akivuta mstari mnyoofu juu ya kioo. Kioo kinalia kidogo, kisha kinakatika. “Niliipasua almasi, lakini kuimaliza nimeshindwa.”

Mkewe anafumbua kiganja. Pantaleo anaweka kisu chake chini, anafuta mikono kwenye suruali, anakichukua kile kijiwe kwa vidole viwili. Anakigeuza kwenye mwanga. Macho yamemlowa.

“Nzima,” anasema. “Mama Ritha, umeitoa nzima.”

Sokoni, mthamini anakipima na kukikagua kwa lenzi, anatamka lile neno ambalo Paskazia alishalijua tangu dimbwini: almasi. Bei, Paskazia amekataa katakata isiandikwe. “Majirani wanasoma gazeti,” anacheka, kichwa juu.

Anachokubali kiandikwe ni mpango. Miaka yote wamechimba kwenye eneo la mtu na kumgawia. Sasa kikundi kitaomba leseni ya eneo lake chenyewe, na jina la kwanza kwenye leseni litakuwa la mwanamke mwenye chekeche.

Enock anauliza kwa aibu kama nyundo sasa aitupe.

“Uitupe ya nini?” Paskazia anamjibu. “Tukipewa eneo letu, wewe ndiye utakayepigilia vigingi vya mipaka. Hapo ugonge, mwanangu, ugonge mpaka uchoke.”