Vyuma Juu ya Ghorofa ya Tatu

Shule niliachia darasa la sita, lakini ploti yangu iko Elgon View, mtaa wa wenye pesa, na hakuna mtu alinipa. Niliinunua kwa mgongo huu, uliopakia magunia ya mahindi kwenye malori kule sokoni Ziwa.

Nilipoweka notisi kwenye fensi kwamba nataka kujenga flati za ghorofa tano, majirani walishtuka kama nimesema nitafuga fisi. Wakapeleka pingamizi kaunti. Wangesikilizwa, ningebaki na nyumba moja na nyasi, na jasho langu lote limelala hapo chini.

Tukaitwa kikao. Mwenyekiti wao, mzee aliyestaafu kazi ya benki, alisema nitaigeuza estate iwe Langas, mtaa wa vyumba vya kupanga vilivyobanana. Nikamwambia nimekaa Langas miaka mingi na sioni aibu yake. Kule mama mboga yuko mlangoni kwa sababu wanunuzi wamejaa. Kisima tulichimba kimoja, ploti nzima tukachanga, hakuna aliyeumia. Yeye mwenyekiti, kitunguu kikiisha anawasha gari kukitafuta.

"Kijana," akasema, "mimi nilinunua hapa ndio nisisikie redio ya mtu."

Watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Redio kweli husikika. Lakini sikukaa chini.

"Mzee, hiyo nafasi kubwa mliyoacha kati ya nyumba ndiyo inafanya bei ipande," nikasema. "Ardhi ya hapa, mwalimu peke yake hawezi kuilipia. Wakipangana mmoja juu ya mwingine, wanaiweza."

Kaunti ikaamua ghorofa tatu, basi. Majirani wakapeana mikono kama watu wa harusi.

Hizo tatu nimezijenga. Hata rangi haijakauka, zimejaa wauguzi, walimu na makarani, na mama mboga amefika getini bila kuitwa. Fundi alitaka kukata vyuma vya nguzo vilivyochomoza juu ya zege, eti vinaharibu sura. Nikamwambia akivigusa atafute kazi kwingine. Msingi nilishaumwaga wa kubeba ghorofa tano, na sina haraka.

Mzee huviona kila akitoa gari. Juzi alisimama, akateremsha kioo, akauliza vile vyuma vinangoja nini.

"Vinangoja wapangaji ambao hawajafika, Mzee."

Akapandisha kioo. Mimi nikapanda ngazi kwenda kukagua tangi la maji.