Sauti ya Amon Ndani ya Kontena

Idda wa Lyamkena, pale Makambako, ni fundi simu, na hakuna simu inayomtisha. Kilichomtisha ni kompyuta ya marehemu kaka yake. Kila alipoiwasha na kuifanyia kazi, Amon aliongea.

Jamani, si uchawi. Amon alikuwa anachangia programu huria, ile ambayo yeyote duniani huongeza lake na kuitumia bure. Kazi ya programu hiyo ni kuwapigia wakulima simu kila baridi ya kuunguza miche inapokaribia. Maneno ya Kibena aliyarekodi Amon mwenyewe, akaandika na jaribio dogo la kuhakikisha sauti inatoka. Ukiliendesha, unamsikia akisalimu kwa Kibena: "Kamwene!" Na mama yao hujibu kutoka jikoni, "Kamwene, mwanangu."

Kisha wenzake Amon wa mradi wakaandika: jaribio la Amon linafeli, lisiporekebishwa sehemu ya Kibena inaondolewa. Wao huendesha majaribio ndani ya kontena. Usidhani yale ya malori ya Tunduma! Hiki ni kijichumba ndani ya kompyuta, huanza kitupu, na kikimaliza kazi kinafutwa. Kwenye kompyuta ya Amon jaribio linapita, kontenani linagoma.

Idda alihangaika weee, mpaka akaona. Amon, na haraka zake, sauti aliiacha kwenye folda yake binafsi. Kontena lingeijulia wapi? Haraka hizo hizo ndizo zilizomwingiza chini ya lori na pikipiki yake, njia ya Njombe. Idda alimkasirikia upya.

Asubuhi moja ya ukungu akaihamishia sauti kwenye mradi, akaliendesha jaribio kontenani. Mama akaja mlangoni na mwiko mkononi, akisubiri. Alama ya kijani ikatokea. Limepita. Nyumba kimya.

"Mbona hajaita?"

"Ameita, mama. Humo hakuna spika. Ila kazi yake haiondolewi tena."

"Na hicho chumba?"

"Kimeshafutwa. Kila wakijaribu kinaundwa kingine, anaita, kinafutwa."

Idda alidhani mama atalia. Aliyelia ni yeye.

"Kwa hiyo mwanangu anaita na hakuna wa kumwitikia," mama akasema. "Hebu endesha tena."

Idda akaendesha. Mama akainama, mdomo karibu uguse kioo, akawahi kabla chumba hakijafutwa:

"Kamwene, mwanangu."