Mama Kitasa na Mlango Unaofungwa kwa Ndani

Alizaliwa alfajiri ya Jumapili katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, fundi wa vitasa na kufuli. Mama yake alipenda kusimulia kwamba sauti ya kwanza aliyoisikia mtoto huyo duniani ilikuwa ya tupa ikisugua shaba, maana baba mtu, kwa hofu ya uzazi, alishindwa kukaa bure akaenda kuchonga ufunguo ambao hakuna aliyeuagiza. Jina lake la ubatizo limeandikwa parokiani, lakini mtaa mzima ulimwita Dada Kitasa, na alipokomaa wakamwita Mama Kitasa, ingawa hakuolewa wala hakuzaa. Nasi tutamwita hivyo hivyo, kwa kuwa ndilo jina ambalo waamini hulitaja wanapomsihi awaombee. Kama Kanisa litamtangaza mtakatifu au halitamtangaza, hilo tunawaachia wakubwa wetu kwa utii. Hapa tunasimulia yale tu yaliyosikika kwa waliomjua.

Alikuwa binti mdogo tu mama yake alipofariki, akimwachia ndugu wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Alimbeba mgongoni huku amesimama mbele ya jiliwa, kile chuma cha kubania vitu vinavyochongwa, akijifunza kazi, hata ikasemwa kwamba mtoto yule aliota meno kwa kutafuna funguo. Baba aliwafundisha wote wawili bila kubagua. Binti alikuwa na subira, na vitasa vyake vilisifika kwa uimara. Mvulana alikuwa na vidole vyepesi ajabu. Aliweza kufungua kufuli lolote kwa kipande cha waya, huku akiwahutubia watazamaji juu ya tabia za kufuli hilo kana kwamba ni mkwe wake. Kwa hotuba hizo wakamwita Profesa. Baba yao alikuwa akisema, "Binti yangu anatengeneza kitasa, mwanangu anakizungumzisha." Na siku ya kufa kwake alimshika binti mkono akamwambia maneno matatu tu: "Mwangalie mdogo wako."

Tangu siku hiyo Mama Kitasa alikuwa na desturi. Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, aliweka kiganja juu ya mlango na kusali: "Bwana, fungua nisichoweza, funga nisichokiona." Ndipo akaingiza ufunguo. Wateja waliowahi mapema walijifunza kungoja kimya.

Majaribu yake yaliingia kwa mlango wa nyumbani. Profesa alianza kunywa na wateja waliomshangilia, kisha akanywa bila wateja, kisha akaongeza vidonge vya usingizi ili kutuliza mikono. Vidole vilivyokuwa vikisikia pini ndogo ndani ya kufuli vikawa vinatetemeka mpaka apate glasi ya kwanza ya asubuhi. Akikemewa, alicheka: "Dada, mimi sinywi. Napaka bawaba mafuta." Naye dada yake, kwa upendo uliokosa macho, alimmalizia kazi zake na kuwaambia watu kwamba ana malaria. Malaria ile ilidumu miaka. Mshonaji wa nguo, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alimwuliza siku moja, "Shoga, huyo mbu wenu hachoki?" Mama Kitasa alivuta tupa. Aliinama akaendelea kusugua shaba.

Ndipo akafanya kosa ambalo fundi wa vitasa peke yake angeweza kulifanya. Jumatatu moja, baada ya kufunga na kusali, aliona kwamba dawa ya ulevi ni kumtenga mlevi na chupa, na kutenga ndiyo kazi aliyoijua. Akachukua kitasa bora kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, kisichofunguka kwa ndani, akakifunga kwenye mlango wa mninga wa chumba cha nyuma. Alimnyang'anya Profesa waya, misumari, hata mkanda wa suruali kwa ajili ya kile chuma chake. Akamwachia maji na mkate, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kazini upande wa pili wa mji.

Adhuhuri mshonaji alisikia kishindo. Arosto ilikuwa imemkamata Profesa, mateso ya mwili ulionyimwa ghafla ulichokizoea. Kwenye ufa wa mlango alionekana sakafuni, mwili umempinda, anatetemeka kama mwenye kifafa. Mshonaji aliita wanaume. Walipiga mlango kwa nyundo, wakaingiza mtaimbo, mtaimbo ukapinda. Kitasa hakikutikisika. "Jamani, huyu mwanamke ametengeneza kaburi!" mmoja alipiga kelele. Walipomfuata Mama Kitasa na kumleta mbio, alilikosa tundu la kitasa chake mwenyewe mara tatu. Mshonaji ndiye aliyemshika mkono wakauingiza pamoja.

Profesa alipona. Daktari aliyempokea alimwita dada mtu pembeni, naye hakumkaripia. "Mama, ulevi wa namna hii haukatwi kwa kufuli. Mwili uliozoea pombe na vidonge ukinyimwa kwa mara moja unaweza kufa. Hushushwa taratibu, kwa dawa, chini ya macho ya mtu anayejua. Mtafutie kituo. Lakini chagua, maana vipo vinavyotibu na vipo vinavyofuga watu." Mama Kitasa alipiga magoti pale pale kwenye varanda ya wodi, watu wakipita na vitanda, akaweka nadhiri kwamba hatamfungia tena mwanadamu. Waliokuwa karibu walimsikia akilia, "Bwana, kitasa changu kilikuwa kizuri mno." Wazee wa parokia husema kwamba wito wake ulianzia kwenye varanda ile.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa sala, alianzia kwa mwombaji mmoja mashuhuri aliyewapokea walevi katika kiwanja chenye mahema. Aliona watu wamelala mikekani, mmoja wao amefungwa mnyororo mguuni. Mwombaji alimpokea kwa furaha, akamwagiza avitupe vidonge ambavyo Profesa alipewa hospitalini, kwa maana dawa na imani haviketi kiti kimoja. Hilo lilikuwa jaribu kubwa kuliko la mtaimbo, kwa sababu alitamani kwa moyo wote kuamini. Hata hivyo alisema, "Baba, mimi nitaomba huku nimemshika daktari mkono. Mungu hatachanganyikiwa." Mwombaji akamwambia hana imani. Akajibu, "Ninayo ndogo. Mdogo wangu naye ninaye mmoja." Akaondoka, na kila siku ya maisha yake alimwombea yule wa mnyororo.

Kituo cha pili kilikuwa na ukuta mrefu, maua mlangoni na meneja mwenye suti, aliyemwahidi kwamba Profesa atatoka "mpya kabisa, kama aliyezaliwa jana." Kituo kilikuwa na daktari wake, na kwa hilo Mama Kitasa alimshukuru Mungu. Profesa alishushwa salama, akaacha kutetemeka. Lakini tangu hapo kila chumba kilifungwa kwa nje, na hakuna aliyezungumza naye ila kumhesabu. Dada yake alipomtembelea Jumamosi, meneja alimzungusha akimwonyesha milango kwa fahari. Walipofungua chumba cha Profesa, Mama Kitasa alimkumbatia ndugu yake, akanusa pombe.

"Umeipata wapi?" alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Nje, dada. Nilitoka, nikanywa, nikarudi, nikajifungia." Profesa aliangalia viatu vyake. "Sikutaka kumharibia askari kazi. Ana watoto."

"Kwa waya gani?"

"Wa kuning'inizia nguo. Kitasa chenyewe ni cha kwako, kimoja cha vile ulivyouza zamani. Tumesalimiana vizuri."

Meneja aliposikia, hakuona aibu hata kidogo. Alimgeukia Mama Kitasa akamwomba awatengenezee kitasa kingine ambacho hata Profesa hakiwezi. Naye akamjibu neno ambalo hadi leo watu hulirudia: "Kile asichokiweza nilishakitengeneza. Kilikaribia kumwua." Akamshika ndugu yake mkono wakatoka kwa mlango wa mbele. Njiani kila mmoja alijua wamefika mwisho wa yale waliyoyajua. Kama nyumba ingekuwepo ya kumtuliza mtu huyu, isingemtuliza kwa chuma.

Nyumba hiyo aliielekezwa na yule daktari. Ilikuwa nyumba ya kawaida yenye bustani ya mboga nyuma, ikiongozwa na muuguzi mnene mwenye sauti ya taratibu. Mama Kitasa, kwa mazoea, aliangalia mlango kwanza, akaona kuwa nje hauna hata tundu la ufunguo. Ulikuwa na komeo tu, nalo lilikuwa upande wa ndani, mahali wagonjwa wanapolifikia.

"Mlango huu unafungwa kwa ndani?" aliuliza.

"Ndiyo. Tunazuia vinavyoingia. Anayetaka kutoka hutuambia, tunakaa naye, tunaongea, na asipobadili nia anatoka. Wengi hubadili."

Aliuliza maswali yake yote. Nani anawatibu? Akaonyeshwa daktari, siku zake za kuja, na kabati la dawa lililofungwa vizuri. Waliokwisha kutoka wako wapi? Akaitwa fundi rangi aliyekuwa anapaka ukuta, mgonjwa wa zamani, akaachwa aongee naye peke yao. Akianguka tena itakuwaje? Muuguzi hakupamba: "Wengi huanguka, mama. Tutampokea tena. Mtu akikuahidi kwamba haanguki, mkimbie." Kisha naye akauliza swali moja, akimtazama Profesa aliyesimama nyuma kama mzigo uliosahauliwa. "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Mama Kitasa akafungua kinywa kumjibia, kama alivyozoea. Muuguzi akainua mkono kidogo. Siku zote hizo, wala mwombaji, wala meneja, wala dada aliyempenda kuliko nafsi yake, hakuna aliyemwuliza Profesa.

"Mimi naogopa," Profesa alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha. "Naogopa kuacha, na naogopa kuendelea. Lakini kama komeo liko upande wangu, nitajaribu." Akaenda mwenyewe akalisukuma, likafunga. Mama Kitasa alisema baadaye kwamba sauti ya komeo lile ilimwingia kama kengele ya misa.

Haikuwa rahisi. Mama Kitasa naye alipewa dawa yake: kila Jumamosi aliketi na ndugu za wagonjwa wengine, akajifunza kuacha kudanganya kwa niaba ya mwingine. Aliweka kando kazi za Profesa bila kuzimaliza, na wateja walipouliza aliwaambia, "Mdogo wangu ni mgonjwa wa pombe. Yuko kwenye matibabu." Mshonaji alipomsikia alitikisa kichwa akasema, "Hatimaye mbu amekufa." Miezi mingi baada ya kutoka, Profesa alianguka, akalewa arusini. Mama Kitasa alimwona akipita karakana akiyumba, akasimama mlangoni na kiganja juu ya ubao, akisali, wala hakumfuata kumbeba. Profesa alitembea mwenyewe hadi kwenye nyumba ile na kubisha. Wakamfungulia. Huko aliwaambia wenzake, "Hili ndilo kufuli lililonishinda kabisa. Kila nikitaka kulivunja nakuta liko wazi." Hakunywa tena.

Kuanzia hapo familia zikawa zinamjia Mama Kitasa, matajiri na maskini, wenye dini hii na ile. Alifunga karakana akaandamana nao, akawasaidia kuchagua. Aliwaonya dhidi ya wanaoahidi muujiza kwa tarehe, wanaokataza ndugu kutembelea, wanaopiga na wanaofunga. Hakusema kwamba nyumba moja inawafaa wote. Mama mmoja alipomlilia, "Basi wewe nichagulie tu!" alimjibu, "Mwanangu, hata kiatu siwezi kukuchagulia bila mguu wako. Mlete mwenye mguu." Kwa hao wote aliomba kila alfajiri, na mlango wa karakana ulilika mahali pa kiganja chake ukawa na kibonde, kinachoonekana hadi leo.

Aliugua moyo, akalala mwaka wa mwisho wa maisha yake katika chumba kile cha nyuma, ambacho mlango wake alikuwa ameung'oa kwa mikono yake zamani. Paroko alimpa sakramenti za mwisho. Profesa, nywele zake zimekwisha kuwa nyeupe, alimwuliza kama kuna anachokitaka. Akasema, "Baba aliniambia nikuangalie. Nilikuangalia sana, nikachelewa kukuuliza. Unanisamehe?" Profesa alijibu, "Dada, mlango ule ulikwisha kuung'oa zamani." Mama Kitasa akatabasamu, na asubuhi hiyo hiyo, tupa zikisikika karakanani, akalala katika Bwana.

Mengi husimuliwa baada ya kifo chake. Lililoshuhudiwa na wengi ni la mama mmoja ambaye kijana wake alifungiwa na jamaa zake kwa kufuli kubwa, akashikwa na arosto ndani huku mwenye ufunguo hajulikani aliko. Mama yule alilikamata kufuli kwa mikono miwili akaita, "Mama Kitasa, wewe unajua!" Likafunguka mikononi mwake, na kijana akawahiwa. Profesa alipoletewa kufuli lile alilichunguza kwa uaminifu wa kazi yake, akasema kwamba lilikuwa limeliwa na kutu ndani. Yule mama akamjibu, "Sawa, Profesa. Hata kutu ina Mungu wake." Naye akainamisha kichwa.

Tumwige basi, ndugu waamini. Tusimfunge tunayempenda kwa hofu yetu tukaiita imani, wala tusimkabidhi kwa yeyote kabla ya kutazama komeo liko upande gani. Karakana ile ingali inafanya kazi, na Profesa angali anawapokea wanaokuja. Huingia baba na mama wakisema kwa pamoja, wakilia, wakishtaki, wakimsukuma mbele mtoto wao aliyeinamisha uso. Mzee huyo huwapa viti na maji. Kisha huweka kiganja kwenye kibonde cha mlango, husali, halafu humgeukia mgonjwa, naye humwuliza kama alivyoulizwa yeye: "Na wewe mwenyewe, unasemaje?"