Ndege Tuliyoijaribu Timau

Juzi nilisimama Timau kununua viazi kando ya barabara. Wewe unanijua, sikai mahali pamoja. Leo niko Embu, kesho Nanyuki, napeleka mbegu za mboga madukani, na nikipita Timau huwa nazima gari hata kama sina la kufanya. Mama aliyekuwa akinijazia debe alisema kitu kuhusu mvua, nami sikumsikia, kwa sababu nyuma ya mashamba ya maua kulikuwa na ndege ndogo inayojaribu kuondoka. Ilikuwa saa sita mchana na jua lilikuwa kali. Nilibaki nimeshika noti mkononi hadi mlio ule ulipoiacha ardhi na kuanza kuwa mwembamba. Ndipo nikavuta pumzi. Yule mama akaniuliza kama niko sawa.

Nilikuwa sawa. Ni vile tu mimi nilikulia pale, kabla ya maua na zile nyumba zake za nailoni, wakati ngano ilikuwa inaanzia barabarani na kuishia msituni chini ya mlima. Asubuhi vidole vilikufa ganzi tukikamua ng'ombe. Mchana mimi na ndugu yangu tulipiga madebe kufukuza ndege walioshuka kwenye ngano kama wingu, na jioni mama alioka mkate kwenye jiko lililotengenezwa kwa pipa la mafuta. Mpaka leo nikisikia harufu ya dizeli, njaa ya mkate inanishika.

Baba alikuwa amekodi mashamba. Alianza kama dereva wa trekta wa jirani mzungu aliyekuwa na ndege ya kunyunyizia dawa. Baba ndiye aliyesimama shambani na bendera kumwonyesha rubani mahali alipofika. Kidogo kidogo jirani akamfundisha kuruka, na baada ya miaka mingi baba akapata leseni. Alikuwa rubani asiye na ndege, na hakulalamika, hadi mwaka ule babu yangu wa Kutus, baba yake mama, alipofariki.

Tulichelewa mazishi. Gari letu lilivunjika ekseli Naro Moru, mvua ikanyesha, fundi akapatikana kesho yake. Tulipofika Kutus tulikuta wanaume wakiosha majembe. Mama hakulia. Alisimama kando ya udongo ule mbichi na viatu vyake vya safari, akauliza waliimba wimbo gani. Tukirudi, karibu na Karatina, baba alisema bila kuulizwa, "Hatutachelewa tena." Mama alikuwa anaangalia nje. Sote tulijua baba anafikiria mama yake mwenyewe, nyanya wa Endarasha, ambaye mwaka huo alianza kuwa na siku za kutotoka kitandani. Na barabara ya Endarasha wakati wa mvua haikuwa barabara, ilikuwa uji.

Basi baba akaanza kutafuta ndege ya kutubeba. Wakulima wengi walikuwa wanahama na kuuza vitu, na ndege kuukuu mbili za injini moja zilikuwa sokoni. Moja ilikuwa Nanyuki, imefunikwa turubai. Ilikuwa kubwa, ya viti sita, rangi imebanduka, ndani inanuka dawa ya kuogeshea kondoo. Mama aliitazama mara moja tu akasema, "Hii ni lori, imewekwa mabawa." Ya pili ilikuwa kwenye kiwanja cha vumbi karibu na Kutus. Ilikuwa ya viti vinne, nyeupe, na mstari mwekundu ubavuni, viti vyake laini kama vya ofisi ya meneja wa benki.

Ile nyeupe tuliipenda sote. Fundi alifungua injini, akaangalia ndani kwa muda mrefu, akasema ni nzima. Nataka nikwambie wazi kwamba alisema kweli. Muuzaji aliwapandisha baba na mjomba wangu wa Kutus, na ndege ikaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Mjomba alishuka akitembea kwa maringo, akawaambia watu ati sasa yeye si mtu wa kusalimiwa na kila mtu. Muuzaji alikuwa mwungwana. Alimwambia baba aende nayo nyumbani, aijaribu wikendi hiyo, amletee jibu Jumapili jioni.

Mpango ulikuwa twende nayo Endarasha Jumamosi, familia yote, kumwona nyanya. Baba alitaka tuondoke umande ukiwa bado chini. Alieleza mezani kwamba hewa ya baridi ni nzito na inabeba vizuri, lakini hewa ya mchana ni nyepesi, na sisi Timau tuko juu sana kuliko Kutus. Tulitikisa vichwa. Hakuna aliyeelewa.

Asubuhi akatoa mizani ya ngano stoo. Alipima gunia la viazi, unga, blanketi jipya la nyanya, na jogoo ndani ya kikapu, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu anayekwenda kumwona mzazi mikono mitupu. Kisha akamwambia ndugu yangu apande. Mama alitoka jikoni na unga mikononi.

"Baba watoto," alisema, "hawa si ngano."

Labda umesahau, au hukulelewa hivyo. Kwetu watoto hawakuhesabiwa, ilikuwa mwiko. Mgeni akimuuliza mama ana watoto wangapi, alijibu, "Wako." Kumpima mtoto kwa mizani ilikuwa sawa na kumhesabu, tena mbaya zaidi. Baba angeweza kubishana, lakini alilelewa na nyanya yule yule tuliyekuwa tunaenda kumwona. Akamshusha ndugu yangu. Akatutazama mmoja mmoja, mimi, ndugu yangu, mtoto mchanga mgongoni mwa mama, na mama mwenyewe ambaye hakuwa mwembamba, akatukisia kwa macho kama anavyokisia fahali mnadani.

Kisha wageni wakaja. Jirani Mmeru na wanawe, kina mama wa kanisa, mwenye duka. Kila mtu alitaka kuigusa. Mzee wa kanisa aliweka mkono kwenye bawa akaomba, akaombea injini, magurudumu, na barabara zote za angani. Na watu wamekuja kwako, utawaachaje bila chai? Baba alikunywa kikombe chake amesimama, akiangalia jua. Kina mama wakaongezewa. Umande uliisha, upepo wa asubuhi ukaisha, na tulipofunga milango jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya sweta la safari.

Kiwanja chetu kilikuwa ukanda tu kati ya mabua ya ngano, na mwishoni kulikuwa na ua wa seng'enge na mstari wa miti ya mkaratusi. Wageni walipanga mstari wakipunga leso. Baba akasukuma mpini wa mafuta hadi mwisho, ndege ikatetemeka, tukaanza kukimbia. Leso zikapita. Stoo ikapita. Tulikimbia na kukimbia, na mimi nikisubiri ule mruko wa Kutus. Magurudumu yaliinuka kidogo, yakarudi chini kwa kishindo. Yakainuka tena. Jogoo alikuwa anapiga mabawa kikapuni. Niliona shingo ya baba imekakamaa na miti ikikua mbele ya kichwa chake, hadi nikaweza kuona magome yake yanavyobanduka. Mama alimfunika mtoto uso kwa mkono.

Ndipo baba akarudisha nyuma mpini wa mafuta na kukanyaga breki. Tulivutwa mbele, mabua yakapiga chini ya ndege kama mvua ya mawe, vumbi likafunika vioo. Lilipotulia, waya wa ua ulikuwa karibu kiasi kwamba ungeweza kuning'iniza nguo pale.

Nilisikia injini ikipoa. Baba hakugeuka.

"Injini ni nzima," alisema, kama anayemtetea mtu. "Ni joto tu, na uzito. Tukiacha mzigo na mtoto mmoja, itaruka."

"Mtoto yupi?" mama akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Alingoja jibu kweli. Ndugu yangu alinishika mkono, nami nikaushika wake, na tukatazama kisogo cha baba. Sijawahi tena kuogopa jibu kiasi kile. Baba alifungua mlango, akashuka, akaenda hadi kwenye ua, akasimama ameshika waya. Aliporudi alisema, "Shukeni wote."

Jumapili aliirudisha ile nyeupe peke yake, alfajiri, bila mzigo. Ilipaa vizuri mno, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi. Jioni aliletwa na mjomba kwa gari. Hakula. Alitoa mizani tena, akaiweka mlangoni mwa stoo, wafanyakazi wakiwa bado wanarundika magunia, akasimama tu kando yake bila kumwambia mtu yeyote apande.

Mama alitoka, akavua viatu, akapanda na mtoto mgongoni.

"Soma kwa sauti," alisema.

Baba alisoma. Hakuna aliyecheka. Kisha ndugu yangu, kisha mimi. Kile chuma kilikuwa baridi chini ya nyayo.

Wiki hiyo baba alikwenda Nanyuki kuichukua ile lori yenye mabawa. Aliijaribu kwenye kiwanja chetu saa sita mchana kamili, amepakia magunia ya ngano ya uzito wetu sote pamoja na viazi, na ikaiacha ardhi kabla ya kufika stoo. Akainunua. Ile harufu ya kondoo haikuisha kamwe. Mvua ndefu zilipoanza, tuliletewa habari kwamba nyanya anatuulizia. Tulifika Endarasha kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa amefumba macho. Aliuliza nani wamekuja, na mama, aliyemshika mkono, akamwambia, "Wote." Alifariki kesho yake jioni, na sote tulikuwa ndani ya nyumba.

Mkataba wa kukodi mashamba uliisha, ndege ikauzwa, baba naye akatangulia. Mama tulimzika Endarasha mwaka juzi. Siku hizi lami imefika hadi karibu na mlango wa nyumba, na kila mmoja wetu ana gari lake. Ndugu yangu alitoka Kutus, mdogo wetu alitoka Nairobi, mimi nilitoka njiani kama kawaida yangu. Hakuna aliyechelewa. Tulisimama uwanjani tukiwa na funguo mikononi, tukaulizana barabara ilikuwaje, na kila mtu akaeleza ya kwake.